Jinsi ya kuanzisha karakana ya kujitolea mtaani Nairobi

Maswali ni yale yale, awe anayeuliza ni wa Kayole, wa Kawangware au wa Jericho. "Tuko vijana kadhaa na wazee wachache wanaojua kazi ya mikono, tunataka kutengenezea watu wa mtaa vitu vilivyoharibika. Tuanzie wapi? Tunahitaji pesa ngapi? Tukiharibu kitu cha mtu je?" Nimeyajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Ukifuata hatua moja baada ya nyingine, mtaweza kufungua mlango mkiwa na vifaa vichache sana.

Shika hili kabla ya mengine yote: karakana za kujitolea hazifi kwa kukosa vifaa. Zinakufa kwa mrundo. Redio isiyojulikana ya nani, feni iliyofunguliwa nusu, viti vinavyosubiri gundi, mpaka mwenye chumba anachoka na kudai funguo zake. Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba kitu hakilali karakana. Mwenyewe anakuja nacho, anakaa kando ya fundi kikitengenezwa, na anarudi nacho nyumbani, kiwe kimepona au hakijapona. Ndio mtindo wa Repair Café, yaani karakana za kujitolea za jamii, uliobuniwa na Martine Postma kule Amsterdam mwaka 2009, na kwa vyumba vyetu vidogo vya Nairobi unafaa hata zaidi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Watu watano wanatosha kuanza kazi. Mmoja lazima awe anaijua stima kwa kweli. Akiwa na cheti cha NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, hata kama ni cha Grade III, mna bahati. Wa pili awe wa mbao au vyuma, wa tatu wa cherehani, wa nne kijana mwenye hamu ya kujifunza. Wa tano hashiki bisibisi kabisa, anashika daftari. Msimdharau huyu. Bila yeye, nyinyi wengine mtafanya kazi ya kubishana kiti ni cha nani.

Vifaa vya mkono: bisibisi bapa na za nyota, playa, koleo ya kukatia waya, spana za namba 8 hadi 19, nyundo, msumeno wa mbao na wa chuma, msasa, mita ya kupimia stima, chuma cha kulehemu, pampu ya baiskeli, viraka na solusheni ya pancha, gundi nyeupe ya mbao, sindano na uzi mzito, na vipande virefu vya mpira wa tyubu. Tyubu kuukuu mtapewa bure na fundi yeyote wa baiskeli.

Vifaa vya usalama: miwani ya kukinga macho, glavu, sanduku la huduma ya kwanza, ndoo ya mchanga, kizima-moto cha unga mkavu au cha kaboni dioksidi, na swichi ya usalama ya milliampea 30, ile inayokata stima yenyewe inapovuja. Swichi hii ndiyo kitu cha kwanza cha kununua kwa pesa taslimu. Mengine yaazimeni.

Usikimbilie kununua seti mpya inayong'aa ndani ya sanduku la plastiki. Kila mwanachama alete alichonacho, mkipake rangi moja ya kikundi kwenye mpini, na mwandike ni cha nani. Kinachokosekana mtakipata Gikomba kwa bei ya mtumba. Ukichagua playa pale, ifunge na uiinue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita kati ya meno yake, haitashika kitu. Spana nayo itazame mdomo. Ukiwa umepanuka, itakula kona za nati. Vipuri vya redio na subufa viko Luthuli Avenue, na kazi ya bati wapelekee watu wa Kamukunji, ambao hiyo ndiyo kazi yao kutwa.

Hatua ya 1: Amueni mtakachokataa

Andikeni orodha hii kabla ya orodha ya mtakachotengeneza, na mwibandike mlangoni. Yangu ni hii:

- Microwave. Kapasita yake, kile kifaa cha ndani kinachohifadhi stima, hubaki na chaji ya kuua hata ikiwa imechomolewa.
- Televisheni za zamani zenye mgongo, kwa sababu kama hiyo.
- Mitungi ya gesi, vali zake na regyuleta.
- Betri ya simu au kompyuta iliyovimba.
- Waya za ndani ya nyumba, soketi za ukutani na mita. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia stima na mafuta.
- Simu ambayo mwenyewe hawezi kuifungua kwa namba yake ya siri.

La mwisho linawashangaza wengi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai hapa Kenya, na kikundi chenye nia njema kinaweza kujikuta kituo cha polisi kikieleza simu ilitoka wapi. Mtu akikataa kuwasha simu yake mbele yenu, mrudishieni kwa heshima.

Hatua ya 2: Nendeni kwa mafundi wa mtaa kwanza

Hatua hii vikundi vingi huiruka, kisha vinashangaa kwa nini mtaa unavinunia. Pale kwenye kona kuna mzee ambaye kodi yake inatoka kwenye pasi na redio. Mkifungua karakana ya bure hatua chache kutoka kwake, mmemnyang'anya chakula, na mtaa mzima utaliona hilo.

Mwendeeni kabla hamjafungua, tena mwende na mtu mzima anayeheshimika. Mwambieni: "Mzee, tumekuja kukusalimia na kuomba ushauri. Tunataka kusaidia wale ambao hawawezi kulipa, na vile vitu unavyovikataa kwa kuwa havina faida." Kisha kubalianeni mipaka. Mpangilio ambao nimeona ukidumu ni huu: karakana inafungua siku moja kwa wiki, haigusi kitu cha biashara ya mtu, na kazi kubwa inayowashinda inapelekwa kwa huyo mzee pamoja na mteja wake. Akikubali kuja kuwafundisha, mlipeni saa zake. Yeye hajajitolea, nyinyi ndio mmejitolea.

Hatua ya 3: Tafuteni mahali

Ua wa kanisa, darasa la madrasa baada ya masomo, chumba cha shule siku ya Jumamosi, ukumbi wa kaunti kama vile wa Kaloleni au Jericho. Angalia mambo matatu: kiti cha magurudumu kinapita mlangoni, kuna mwanga wa kutosha mchana bila taa, na soketi haziko karibu na bomba. Chukueni barua ya ruhusa yenye siku na saa, hata kama mwenye mahali ni rafiki yenu. Mjulisheni chifu na wazee wa Nyumba Kumi pia, ili watu wakiuliza zile kelele za nyundo ni za nini, wawepo wa kujibu.

Hatua ya 4: Usajili na pesa

Kuanza hakuhitaji cheti. Lakini mkitaka akaunti ya benki au kuomba msaada wowote, jisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mtahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha na orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho. Peleka ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu.

Kazi iwe bure, sanduku la mchango liwe wazi, na kipuri anunue mwenye kitu kwa mkono wake mwenyewe. Msimnunulie kisha mkamdai. Hapo ndipo maneno huanza. Sanduku lifunguliwe na watu wawili siku ile ile, na kiasi kiandikwe daftarini mbele ya wote. Kamwe mchango usiingie kwenye M-Pesa ya mtu binafsi, hata ya mwenyekiti anayeaminika kuliko wote. Kila aliyewahi kuwa kwenye chama anajua mambo huishia wapi.

Hatua ya 5: Panga meza

Meza ya daftari mlangoni. Meza ya stima ukutani, mbali na maji, ikipata umeme kupitia swichi ya usalama peke yake. Meza ya mbao na vyuma nje au karibu na dirisha, kwa ajili ya vumbi na cheche. Cherehani mahali penye mwanga. Wekeni benchi la kusubiri, na watoto wasivuke hapo. Kizima-moto kikae karibu na mlango. Kikikaa nyuma ya meza ya stima, hamtakifikia siku ya moto.

Hatua ya 6: Daftari

Safu zake: tarehe, jina, simu, kitu, mwenyewe anasema kina shida gani, fundi, kilichofanywa, kimejaribiwa na nani, sahihi. Juu ya kila ukurasa andikeni sentensi hii: "Nimeelewa kwamba kazi hii ni ya kujitolea, kwamba kitu changu kinaweza kushindikana, na kwamba nitaondoka nacho leo." Isome kwa sauti kwa asiyeona vizuri kabla hajatia sahihi. Na usipige picha ukurasa huo ukautupa kwenye kundi la WhatsApp: namba za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zaidi ya sheria, ni siri ya jirani yako.

Hatua ya 7: Fanyeni kazi

Siku za kwanza chukueni aina tatu tu za vitu. Mimi huanza na pasi, viti vya mbao na viti vya magurudumu, kwa kuwa mtaa unavihitaji na vinafundisha karibu kila kitu.

*Pasi.* Muulize mwenyewe: ilikufa ghafla, au ilikuwa ikiwaka na kuzima ukiugusa waya? Ikiwa ni hili la pili, waya umekatika kwa ndani, na mara nyingi ni pale unapoingia kwenye pasi, maana hapo ndipo hukunjwa kila siku.

1. Chomoa plagi, iweke juu ya meza mahali unapoiona. Isikae chini ya meza wala nyuma ya mtu.
2. Fungua plagi, upime fyuzi. Waya wa kahawia ni laivu (unaoleta stima) na huingia upande wa fyuzi, wa buluu ni nyutro (unaoirudisha), wa kijani na manjano ni athi (wa ardhini, wa usalama). Hakikisha kile kibano cha plagi kinabana ganda la nje la waya, sio nyuzi za ndani.
3. Zungusha kirekebisha joto hadi mwisho, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa stima), gusa pini ya laivu na ya nyutro. Pasi ya wati 1000 kwenye stima yetu ya volti 240 husoma karibu omu 58; ya wati 1200, karibu 48.
4. Mita ikikaa kimya, chezesha waya polepole kuanzia plagi hadi pasi. Namba ikitokea na kupotea, umepata penye ugonjwa. Fungua pasi, kata sehemu iliyochoka, vua ganda na uunganishe upya kwenye skrubu zake. Kama waya wote umezeeka, tafuta waya wa pasi, ule uliovikwa kitambaa. Waya wa redio utayeyuka.
5. Sasa pima usalama. Pini ya athi na bati la chini: mita isome karibu sifuri. Laivu na athi, kisha nyutro na athi: isisome kitu. Ikisoma, stima inavuja, na pasi hiyo hairudi nyumbani ikiwa na plagi.
6. Jaribu kupitia swichi ya usalama, bila mtu kuishika. Mita hupima kwa volti chache tu, hivyo kuna uvujaji ambao ni swichi peke yake inayoukamata.

Onyo: ndani ya pasi nyingi kuna fyuzi ya joto. Ikiwa imekatika, badilisha kwa nyingine yenye kiwango kile kile cha nyuzi joto. Kuna watu huiruka kwa kipande cha waya na pasi ikawaka vizuri sana, mpaka siku kirekebisha joto kinapokwama na nyumba ya mabati ya familia nzima ikaungua. Hilo msilifanye kwa mtu yeyote, hata akiwasihi.

*Kiti cha mbao kinachocheza.* Usipige msumari. Msumari hupasua mbao, na safari ijayo kiti hakitengenezeki tena. Chomoa mguu, kwangua gundi ya zamani yote kwa kisu mpaka uone mbao yenyewe, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu. Paka gundi nyeupe pande zote mbili, rudisha mguu, simamisha kiti kwenye sakafu tambarare uone kama miguu yote inagusa. Kisha zungusha mpira wa tyubu ukiuvuta kwa nguvu zako zote, raundi baada ya raundi, mpaka gundi itokeze kwenye maungio; hiyo ifute kwa kitambaa chenye maji. Mwenyewe anaondoka na kiti kikiwa kimefungwa hivyo hivyo. Mwambie: "Mama, kisikaliwe leo. Kesho jioni fungua mpira, utuletee Jumamosi." Kanuni yetu haikuvunjwa, na mpira umerudi.

*Kiti cha magurudumu.* Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtu aliyefungiwa ndani anatoka nje jioni ile ile. Anza na upepo. Breki za viti vingi hufanya kazi kwa kusukuma tairi, kwa hiyo tairi isiyo na upepo hufanya breki ionekane mbovu na watu huanza kuikunja bure. Jaza kwanza, ndipo urekebishe breki. Halafu yatazame magurudumu madogo ya mbele: yakigoma kuzunguka, toa ekseli uone nywele na nyuzi zilivyojisokota pale pembeni, zikate kwa wembe, safisha, tia grisi kidogo. Kaza kila nati. Kitambaa cha kukalia kikichanika, fundi wa cherehani ashone turubai mara mbili kwa uzi mzito. Lakini fremu ikiwa na ufa, msiichomelee wenyewe. Bomba lake ni jembamba, na litakatika mtu akiwa barabarani. Mwelekezeni kwa APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, walio na uzoefu mrefu wa viti hivi.

Wala msimnyanyue mtu kutoka kwenye kiti chake bila kumuuliza anapenda anyanyuliwe vipi. Mtengee kiti kizuri cha kukaa wakati mnafanya kazi.

Hatua ya 8: Mkizoea, undeni vipya

Rafu za vitabu, madawati madogo ya chekechea, reli ya kushikia kwenye choo cha mzee. Anzeni na kimoja, mkikamilishe, mkipeleke. Pimeni wenyewe pale kitakapokaa; vipimo vya kutajiwa kwa simu vimepoteza mbao nyingi. Shule ikiomba madawati arobaini, kubalini manne.

Shida zikitokea

*Mtu ameacha kitu akaondoka.* Mpigie jioni ile ile. Baada ya hapo tangazeni mlangoni tarehe ya mwisho. Kikiisha muda na ni cha stima kisichotengenezeka, kipelekeni WEEE Centre, kituo cha taka za vifaa vya stima hapa Nairobi, wakitupe kwa njia salama, na muandike daftarini.

*Kitu kimeharibikia mikononi mwenu.* Mwambie mwenyewe hapo hapo, umwonyeshe palipovunjika. Kama ni uzembe wenu, sanduku la mchango lichangie kipuri. Kama kilikuwa kimeshachoka, sahihi ipo, lakini bado mpe pole kwa heshima.

*Swichi ya usalama inakata kila mara.* Chomoa vitu vyote, rudisha kimoja kimoja. Kinachoikata ndicho kinachovuja. Usiiondoe swichi ili kazi iendelee.

*Pasi imerudi baada ya siku chache.* Fungua plagi kwanza. Mara nyingi skrubu haikukazwa na waya umeanza kuungua. Angalia pia soketi anayotumia nyumbani. Ikiwa imeungua ndani, mtarekebisha pasi hiyo mpaka mchoke. Anahitaji fundi mwenye leseni.

*Stima imepotea.* Hamieni kwenye mbao, cherehani na baiskeli. Msifunge; watu wameshapanda matatu kuja.

*Vifaa vinapungua.* Choreni umbo la kila kifaa kwenye ubao wa ukutani, kila kimoja na msumari wake. Hakuna anayekwenda nyumbani kabla ubao haujajaa. Hii inafanya kazi kuliko kufuli, na hakuna anayeshukiwa.

*Wanaojitolea wanapungua.* Angalieni nani anabeba mzigo. Karibu kila mara ni yule wa stima: foleni yake ni ndefu, wengine wanakunywa chai. Pokeeni idadi ya vitu ambayo yeye anaweza kuimaliza ndani ya saa zenu, daftari lifungwe hapo, na yule kijana akae kando yake kila wiki akishika mita, mpaka siku atakayoweza kupima pasi peke yake fundi huyo akitazama tu.